Maji Hayajui Mpaka: Hotuba kwa Majirani wa Kinamasi cha Saiwa

Hotuba hii niliitoa mbele ya wakulima, walimu na wanafunzi tuliokutana kando ya kinamasi cha Saiwa, kaunti ya Trans Nzoia. Wengi walikuwa mashambani siku hiyo, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza na mbegu haimsubiri mtu. Wameomba waipate yote. Hii hapa.

Bwana chifu, wazee wetu, akina mama, vijana, walimu wenzangu, na nyinyi watoto mlioketi hapa mbele kwenye nyasi: hamjambo?

Hamjambo tena? Naam, sasa nimesikia.

Mimi mnanijua. Nimeshika chaki miaka thelathini na moja, na wengi mnaonitazama hapa nimewafundisha kuandika majina yenu. Leo sikuja kufundisha. Nimekuja na ombi, na ombi lenyewe limo ndani ya gunia hili mnaloliona chini ya meza. Nitalifungua mwishoni. Kwanza nina swali.

Ni wangapi kati yetu wamewahi kumwona nzohe, yule swala wa kinamasini? Sisemi kwenye picha, wala kwenye bango la langoni. Nasema kumwona kwa macho. Nyosheni mikono juu, nihesabu.

Naona mikono kumi na mmoja. Tumejaa hapa hadi wengine wamesimama, na mikono ni kumi na mmoja! Kinamasi kiko hapo chini tu. Ukianza kutafuna hindi la kuchoma hapa, utafika langoni kabla hujalimaliza. Wageni wanapanda ndege kutoka ng'ambo kuja kumtazama mnyama huyu, na sisi tunaomsikia akibweka usiku tukiwa vitandani hatumjui sura.

Basi niwaambie nilivyomwona mara ya mwisho.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikamwamsha mjukuu wangu wa miaka minane, tukashuka. Saiwa huingii na gari. Ni hifadhi ya miguu, na sharti lake kubwa ni kunyamaza. Tukapita ile njia ya mbao inayolia ukiikanyaga, tukapanda kwenye dungu. Watoto, mnajua dungu? Kile kilingo cha juu ambacho zamani tulikikalia kuwafukuza ndege shambani. Hifadhini yapo madungu ya namna hiyo, yamejengwa mitini kwa ajili ya kutazamia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mafunjo kama blanketi. Tukakaa. Nusu saa ikapita, hakuna kitu. Mtoto akaanza kunivuta mkono: "Babu, twende, hakuna mnyama." Nikamwambia ngoja.

Matete yakatikisika, na upepo haukuwepo.

Akatoka jike, mwekundu kama udongo wetu wa hapa, ana mistari myeupe mgongoni kana kwamba kuna mtu amemchora kwa chokaa. Maji yalimfika tumboni. Alikuwa anakula machipukizi taratibu, kama mtu anayekula na mawazo yake. Kisha akainua mguu wa mbele kuvuka gogo, na hapo ndipo mjukuu wangu alipoacha kupumua. Kwato zake zilikuwa ndefu, nyembamba, zimeachana kama vidole viwili vilivyopanuliwa, na maji yalikuwa yanachuruzika kutoka ncha zote mbili. Mtoto akaninong'oneza, "Babu, mbona kama amevaa viatu vya mtu mwingine?"

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Ndiyo, ni viatu, viatu vya matope. Kwato zile zikipanuka, uzito wa mnyama hutawanyika, akatembea juu ya mafunjo yaliyolala na tope laini, mahali ambapo ng'ombe wako angezama hadi kifuani. Akiona hatari hakimbilii mbali. Huingia majini akajizamisha, zikabaki pua tu juu. Unaweza kusimama karibu naye usijue yupo. Mama mzazi humficha mtoto wake kwenye kitanda cha matete aliyoyakanyaga mwenyewe, katikati ya maji, ili mbwa wala chui asifike kwa miguu mikavu.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Viatu hivyo vinavyomwokoa majini ndivyo vinavyomponza nchi kavu. Kwenye ardhi ngumu nzohe hukimbia kwa taabu. Mbwa wawili wa kawaida, hawa tunaowafuga, wanamkamata. Kinamasi kikikauka, basi, nzohe hatafuti kwingine. Hawezi kuhamia Mlima Elgon kama ndovu. Maji yake yakiisha, naye amekwisha.

Ndiyo maana mwaka 1974 serikali ilitenga mahali hapa kuwa hifadhi ya taifa, hasa kwa ajili yake. Na ni hifadhi ndogo jamani. Ndiyo ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya. Haifiki hata kilomita 3 za mraba. Tsavo Mashariki peke yake inazidi kilomita 13,000 za mraba, maana yake ungeweza kuipanga Saiwa mle ndani zaidi ya mara 4,000. Hapa kwetu, mtu mzima mwenye miguu mizuri huimaliza asubuhi moja, akarudi nyumbani kunywa chai.

Wapo wanaoidharau kwa udogo huo. Nimewasikia hata kwenye matatu: "Ile ni hifadhi au ni bwawa la bata?" Waswahili walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Katika kipande hicho kidogo wamo ndege wa aina zaidi ya 300. Wamo fisi maji, wale wanaoogelea wakiwinda samaki. Yumo tumbili anayeitwa kalasinga, mwenye paji la rangi ya machungwa na ndevu ndefu nyeupe kama za mzee wa hekaluni. Kalasinga huyu ni mzaliwa wa misitu ya Kongo, na kwa Kenya hii ni sehemu chache mno utamkuta. Akihisi hatari hapigi kelele kama tumbili wengine. Hukaa kimya bila kutikisika, hata kwa muda mrefu, mpaka umpite. Mara ngapi mmempita? Mara ngapi mmepita chini ya mti wake mkienda sokoni, naye anawatazama?

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma.

Hifadhi hii ina mpaka. Ina ua, ina lango, ina askari wa wanyamapori. Lakini niwaulize wakulima: maji ya Saiwa yanatoka wapi? Yanaanzia langoni? La. Yanateremka kutoka milima ya Cherang'ani. Yanapita kwenye mahindi ya huyu, nyanya za yule, nyuma ya choo cha shule, chini ya daraja tunaloshea pikipiki, ndipo yanaingia hifadhini. Askari atakuzuia wewe kuingia bila tiketi. Atayazuia maji? Dawa ya magugu uliyoipulizia jana jioni kabla ya mvua ina tiketi? Udongo wako wa juu, ule mweusi ulioununulia mbolea kwa pesa nyingi, ukishateremka na mvua, nani wa kuusimamisha langoni?

Maji hayajui mpaka. Naomba mnisamehe nikilirudia neno hili, lakini nitalirudia. Maji hayajui mpaka.

Eneo hili zamani lilikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru yaligawanywa, wazazi wetu wakapata vipande, na sisi tumevigawa tena kwa watoto wetu. Aliyekuwa na ekari ishirini, mjukuu wake ana ekari moja na nusu. Hatukulima hadi ukingo wa mto kwa ubaya. Tulisukumwa na tumbo. Nalijua hilo, maana mimi mwenyewe nimo.

Nisiwafiche. Shambani kwangu kuna chemchemi. Baba yangu aliikuta, na alituambia wazi: hapo mahali msiguse. Alipofariki nikapanda mikaratusi pale, mia mbili na zaidi, imeizunguka chemchemi pande tatu. Kwa nini? Kwa sababu mkaratusi kando ya maji hukua mbio, na mnunuzi wa nguzo hulipa vizuri. Nilisomesha watoto wawili kwa nguzo zile. Sitasema uongo kwamba haikunisaidia.

Ila mama watoto ndiye aliyeanza kuona. Mwanzoni alikuwa anazamisha ndoo inajaa kwa mara moja. Mwaka wa tano akawa anachota kwa kikombe anamimina ndooni. Mwaka wa tisa, mwezi wa Januari, alikwenda akarudi na ndoo tupu, akaiweka mbele yangu sebuleni bila kusema neno. Aliiweka tu, akaenda jikoni. Nilikaa na ndoo ile mpaka giza likaingia.

Mkaratusi si mti mbaya, jamani. Mpande mlimani, mpande penye mawe. Kwenye chemchemi ni kama kumkaribisha mgeni anayekunywa usiku na mchana asishibe. Niliikata yote. Visiki vikachipua, nikavikata tena, mwisho nikaving'oa kwa shoka na jasho. Nikapanda mikuyu na nepia. Misimu miwili ya mvua ikapita ndipo unyevu ukarudi. Leo ndoo inajaa, lakini inajaa polepole; haijawa kama ya wakati wa baba.

Mnaona? Niliua maji yangu mwenyewe nikiwa nje kabisa ya hifadhi. Hakuna askari aliyenikamata, hakuna bango nililolivuka. Sasa hesabuni chemchemi zote kutoka hapa hadi Cherang'ani, mweke mikaratusi kila moja. Nzohe aliye kule chini atakunywa nini?

Kuna kijana hapo nyuma nimemsikia akisema, "Mwalimu, nzohe halipi karo." Ni kweli, na nimefurahi umesema kwa sauti. Basi tuzungumze faida. Na hapo niwapeleke Rwanda.

Kaskazini mwa Rwanda, juu milimani, kuna kinamasi kinaitwa Rugezi. Ni kikubwa kuliko chetu mara nyingi, na chini yake kuna lile tope zito jeusi ambalo Wanyarwanda wanaliita nyiramugengeri. Ni majani yaliyokufa zamani mno, yakalala majini bila hewa, hayakuoza yakaisha. Yakarundikana karne baada ya karne. Tope hilo ni kama sifongo. Mvua kubwa ikinyesha, hunywa. Kiangazi kikija, huachilia kidogo kidogo. Maji ya Rugezi huteremka hadi ziwa Burera, na kutoka Burera hupita kwenye mitambo ya umeme ya Ntaruka.

Watu wakaanza kufanya nini? Walichofanya ndicho tunachofanya sisi. Wakachimba mitaro kukausha kinamasi walime. Wakalima vilima vya juu bila makinga maji, udongo ukateremka. Hakuna aliyekuwa anafikiria umeme. Kila mtu alikuwa anafikiria viazi vyake. Maji ya Burera yakashuka, yakashuka, na kufikia mwaka 2004 mitambo ya Ntaruka ilikuwa imekosa maji ya kutosha kuizungusha. Taa zikazimika hadi mjini. Nchi ikalazimika kutumia majenereta ya dizeli, na bei ya umeme ikapanda kwa kila mtu, hata kwa yule kinyozi wa Kigali ambaye hajawahi kukiona kinamasi maishani mwake.

Nawauliza: nani aliyezima taa zile? Ni mtu mwenye jembe, mwenye njaa, asiye na nia mbaya, aliyechimba mtaro mmoja. Na mwenzake mmoja. Na mwenzake.

Rwanda waliamka. Walisimamisha kilimo na malisho ndani ya kinamasi, wakaziba mitaro, wakaweka matuta kwenye vilima, wakapanda mianzi na nepia kando ya maji. Mwaka 2005 Rugezi iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Miaka michache baadaye maji yalirudi na mitambo ikazunguka. Kwa hiyo inawezekana! Sisemi ilikuwa rahisi. Wapo waliopoteza mashamba ya viazi, na kwao ilikuwa kilio, na ni vibaya kusimulia habari hii bila kuwataja. Ndiyo sababu nataka sisi tuanze mapema, kabla hatujafika mahali pa kuambiwa tuondoke.

Na tope lile lina siri nyingine. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba katikati ya bonde la Kongo, chini ya misitu ya majini, limo tope la namna hiyo lililoenea zaidi ya kilomita 145,000 za mraba. Hiyo ni karibu robo ya nchi yetu. Ndani yake kumefungwa kaboni kiasi cha tani bilioni 30. Likibaki limelowa, kaboni hiyo inatulia. Likikauka, linaanza kuoza, na moshi wake usioonekana unapanda angani kuongeza joto linalotuvurugia misimu. Kinamasi chetu ni kidogo mbele ya hicho, lakini kazi ni ileile: kushika maji na kushika majani yaliyokufa.

Maji yetu nayo yana safari. Yakitoka Saiwa yanaingia mto Nzoia, yanakwenda Webuye, yanapita Mumias, yanafika Budalang'i. Mmesikia habari za Budalang'i kila mvua kubwa inapokuja? Watu wamekaa juu ya tuta la mto na mabati yao na kuku wao? Sifongo za huku juu zikikauka, mvua haina pa kusubiri, inateremka yote siku moja. Yule mama wa Budalang'i anayebeba godoro kichwani, maji yanayomfika magotini yalipita kwetu. Na kutoka pale ni Ziwa Victoria, kisha Naili, hadi Misri. Maji hayajui mpaka.

Sasa nageukia watoto. Nyinyi wa darasa la tano, acheni kuchorana, nisikilizeni. Hii ni yenu.

Miaka mingi iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alikuja shuleni siku ya baridi amekumbatia sweta yake kifuani. Nikamuuliza una nini, akasema tumbo linauma. Lakini sweta ilikuwa inalia. Nikaifungua. Kilikuwa kifaranga cha korongo taji, kina manyoya laini ya rangi ya mchanga, miguu mirefu isiyolingana na mwili, na moyo wake ulikuwa unapiga kiganjani mwangu kama cherehani. Kuna mtu alimwahidi mtoto yule pesa akimletea kifaranga, maana matajiri wengine hupenda kuwafuga kwenye bustani zao.

Sikumchapa. Nilifunga darasa, tukaandamana naye sisi wawili. Akanionyesha kiota: rundo la majani lililokanyagwa, katikati ya maji yanayofika magotini. Korongo hujenga hivyo kwa makusudi, maji yawe ndiyo ukuta wake. Hutaga mayai mawili matatu tu. Kifaranga akitoka hachukui chini ya miezi miwili kabla hajaruka. Muda wote huo anategemea miguu yake na majani ya kujificha. Wazazi walikuwa wamesimama mbali kidogo, wote wawili, wanaita. Wale hawaachani ovyo, dume na jike. Tukamweka yule mdogo juu ya rundo, tukarudi nyuma hatua kwa hatua. Mmoja wao akaja akitembea, si mbio, akainamisha kichwa chenye taji la dhahabu akamgusa mtoto wake kwa mdomo. Mwanafunzi wangu akalia. Leo ni mtu mzima, ana watoto, na yuko hapa uwanjani. Sitamtaja.

Waganda wamemweka ndege huyu kwenye bendera yao. Tangu mwaka 2012 yumo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Na pale tulipomrudisha kifaranga siku ile, mnajua leo pana nini? Kabeji. Maji yalielekezwa kwenye mtaro, ukuta wa korongo ukaondoka, na mwaka uliofuata mbwa alifika kwenye kiota kwa miguu mikavu.

Tunao ndugu zetu wa kikundi cha Kipsaina ambao tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiwalinda korongo na vinamasi, wakiotesha miche, wakiingia mashuleni. Walianza bila mtu kuwatuma. Nawaheshimu sana. Ila tumewaachia peke yao, tukawa tunawapigia makofi siku za mikutano na kesho yake tunafungulia mbwa.

Najua pia yupo mama hapa ambaye tumbili wamemmalizia mistari minne ya mahindi mwaka huu. Mama, sitakwambia uvumilie kwa sababu tumbili ni wazuri. Mahindi yale yalikuwa chakula cha watoto wako. Ninachokiomba kwa wahusika, na nitakisema hata wakiwepo, ni kwamba jirani wa hifadhi awe wa kwanza kufikiriwa: vijana wake wawe ndio waongoza wageni, mayai na mboga za wageni zinunuliwe kwake, na malalamiko yake yajibiwe kabla hayajaota ukungu ofisini. Jirani aliyeshiba ni mlinzi bora kuliko ua wa waya. Hilo inafaa tulidai pamoja, tena kwa adabu bila kuchoka.

Lakini sehemu yetu sisi hatuwezi kumpa mtu mwingine aifanye.

Haya. Nafungua gunia.

Hii ni kamba. Kamba ya katani ya kawaida, ya kufungia ng'ombe. Nimeipima kwa futi ya fundi: mita 6, nikafunga fundo huku na huku. Mita 6 ni hatua zangu nane. Sheria za maji za nchi yetu zinataka ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto. Sisi tumeacha ngapi? Nimepita wiki iliyopita kutoka daraja la chini hadi kwa mzee wa mtaa, nikiwa na kamba hii. Katika mashamba kumi na saba niliyopita, ukingo ulioachwa ulifika fundo kwenye mashamba mawili. Kwingine jembe limefika majini kabisa, hata shina la hindi linaangukia mtoni.

Ombi langu ni hili. Weka fundo moja kwenye ukingo wa maji, vuta kamba kuelekea nyumbani kwako, na linapoishia fundo la pili, hapo jembe lisimame. Ndani ya kamba panda nepia umkatie ng'ombe, panda mianzi, panda mkuyu. Hutakosa chote, nepia ni maziwa. Mkaratusi ulio ndani ya kamba, ukishakomaa, kata uuze, kisha ung'oe kisiki usiuache uchipue. Dawa isipuliziwe ndani ya kamba. Na mbwa, tafadhali, wafungwe jua likizama hadi asubuhi, maana huo ndio wakati nzohe anatoka kula.

Nimekata kamba kumi na mbili. Nilitaka nyingi zaidi, lakini pesa za katani ziliishia hapo. Aliye na kamba ya ziada nyumbani aniletee tuipime pamoja. Zimo hapa mezani, na wanafunzi wa darasa la saba watawasaidia kuzivuta Jumamosi, nimeshazungumza na mwalimu wao. Tutaanzia kwangu, pale chemchemini, saa mbili asubuhi. Mwenye shamba linalogusa mto, hata kama ni kwa hatua tatu tu, aje achukue yake kabla hajatoka. Wazee, tangulieni.